Kontena laweza kuwa nyumba, lakini uliza kwanza lilibeba nini

Na Mwandishi Wetu

USIACHE mbachao kwa msala upitao, husema wahenga. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa na kuchanika pembeni. Hata hivyo, waliotuachia methali hiyo walijua kwamba mkeka wa namna hiyo bado una kazi, na kwamba mwenye busara hautupi kwa kuvutiwa na kipya kinachopita mbele ya macho yake.

Methali hiyo imepata maana mpya katika miji yetu. Pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, makontena yaliyostaafu kazi ya baharini yamegeuzwa kuwa maduka, ofisi, saluni, migahawa na, kwa baadhi ya watu, nyumba za kuishi. Mbao zilizobeba shehena bandarini zimekuwa makochi na vitanda. Mapipa yamekuwa matangi ya maji na majiko ya kuchomea nyama. Matairi yamekuwa bembea za watoto na bustani ndogo za maua mbele ya nyumba.

Huko Ulaya na Marekani jambo hili lilipewa jina lake maalumu katika miaka ya 1990, likatenganishwa na urejelezaji wa kawaida. Katika urejelezaji, kitu huvunjwa, husagwa au huyeyushwa ili kipatikane kitu kingine, na mara nyingi kinachopatikana huwa na thamani ndogo kuliko cha awali. Katika njia hii ya pili, kitu hubaki na umbo lake, au sehemu kubwa ya umbo hilo, na hupewa kazi mpya yenye thamani kubwa zaidi.

Faida zake ni dhahiri. Moto wa kuyeyushia chuma hauwashwi, dampo halijazwi, na mnunuzi huokoa fedha. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi wa vitu hivi hawalisemi, na wanunuzi wengi hawaliulizi. Kitu kikuukuu hakimfikii mtu mikono mitupu. Huja na historia yake: kiliundwa kubeba uzito gani, kilipakwa nini ili kidumu, na kilihifadhi nini ndani yake. Anayeijua historia hiyo hupata makazi na vyombo vyema kwa gharama nafuu. Asiyeijua huweza kununua maradhi kwa fedha zake mwenyewe.

Desturi yenye mizizi

Si kweli kwamba sisi tumejifunza jambo hili kutoka ng'ambo. Neno "debe" ni ushahidi wa kutosha. Katika zama za ukoloni, mafuta ya taa yaliletwa katika makopo ya bati ya galoni nne, yaani takriban lita 18. Mafuta yalipokwisha, debe lilikuwa ndiyo kwanza linaanza maisha yake. Lilichotewa maji kisimani, likapimiwa mahindi na mchele sokoni, na hatimaye likapasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo na kuezekewa paa. Katika mitaa ya Waafrika ya Nairobi, ukiwamo Pumwani, paa za madebe zilikuwa jambo la kawaida. Leo kopo lenyewe limekaribia kutoweka, lakini debe kama kipimo linaendelea kuishi katika masoko yetu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa tairi. Tairi lililokwisha meno lilikatwa likawa katambuga, au akala kama wanavyosema Kenya, kiatu ambacho wachungaji na wakulima wengi walikipenda kwa kuwa mwiba haukipenyi kwa urahisi. Mabati na mapipa yaligeuzwa majiko ya mkaa, ndoo na vibatari katika karakana za mafundi bati.

Katika kazi zote hizo, fundi alikuwa na faida moja kubwa: alikijua alichokishika. Debe la mafuta ya taa lilijulikana kwa harufu yake, na tairi lilijulikana kuwa ni mpira. Vitu vya leo haviko wazi kiasi hicho. Pipa la plastiki la rangi ya bluu linaweza kuwa lilibeba maji ya matunda, na jingine linalofanana nalo kabisa likawa lilibeba kemikali ya kiwandani. Macho hayatofautishi.

Kontena lilivyozaliwa

Kati ya vitu vyote vinavyogeuzwa makazi, kontena ndilo mashuhuri zaidi, na historia yake inaeleza nguvu zake na udhaifu wake.

Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal-X iling'oa nanga katika bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma. Aliyebuni safari hiyo alikuwa Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori aliyechoshwa na desturi ya kupakia na kupakua shehena gunia kwa gunia. Baadaye vipimo vya makasha hayo vilisawazishwa duniani kote. Kontena la futi 20 lina urefu wa nje wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59, na likiwa tupu huwa na uzito wa zaidi ya tani mbili. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19.

Kwa kawaida kontena hutumikia bahari kwa miaka 10 hadi 15 hivi, kisha huuzwa. Aidha, nchi zinazoagiza bidhaa nyingi kuliko zinazosafirisha, kama zilivyo nchi zetu, hupokea makontena yaliyojaa na kuwa na mzigo mdogo wa kuyajaza yanaporudi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupatikana kwake kwa wingi karibu na bandari.

Wazo la kuishi ndani yake halikuchukua muda mrefu kujitokeza. Mwaka 1987 Mmarekani Phillip C. Clark aliomba hataza ya njia ya kugeuza makontena kuwa jengo la kukalika, na akaipata mwaka 1989. Mwaka 2001 jengo la makontena lililopangwa ghorofa lilisimamishwa Trinity Buoy Wharf, mjini London. Mjini Amsterdam, kati ya mwaka 2005 na 2006, kilijengwa kijiji cha Keetwonen chenye vyumba 1,000 vya wanafunzi. Nchini Qatar, uwanja mmoja wa Kombe la Dunia la mwaka 2022 ulijengwa kwa kutumia makontena 974, nao ukapewa jina la idadi hiyo.

Nguvu iko kwenye pembe

Kontena liliundwa kupangwa juu ya mengine melini, huku kila moja likiwa limejaa mzigo. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba kila sehemu yake ni imara. Hilo si sahihi.

Uzito wote unaotoka juu hubebwa na nguzo nne za pembeni. Kuta zake ni bati la chuma lililokunjwa mawimbi, lenye unene wa takriban milimita mbili au pungufu. Mawimbi hayo ndiyo yanayolizuia kasha lisipinde. Paa lenyewe ni jembamba, wala halikuundwa kubeba udongo, tangi la maji au watu wanaopunga upepo jioni.

Athari zake kwa anayejenga ni kubwa. Kila fundi anapokata dirisha, mlango au ukuta mzima ili kuunganisha makontena mawili, anaondoa sehemu ya mfupa wa jengo. Ni lazima nafasi hiyo izungushiwe fremu ya chuma kabla ya kuendelea. Vilevile, kontena linapowekwa juu ya msingi, miguu ya msingi huo inapaswa kuwa chini ya pembe zake nne, na si mahali popote panapoonekana kufaa. Likipangwa juu ya jingine, pembe zikae juu ya pembe. Anayetaka kwenda kinyume na kanuni hiyo amwite mhandisi.

Jambo la pili ni umeme. Nyumba ya chuma ikiguswa na waya uliochubuka, kuta zote huweza kuwa na umeme. Kwa sababu hiyo kontena la kuishi linapaswa kufungwa waya wa ardhini na kifaa cha kukata umeme unapovuja, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Hapa si mahali pa kubana matumizi.

Joto, adui wa kwanza

Chuma hupitisha joto kwa wepesi mkubwa kuliko tofali. Kontena lililoachwa uchi juani katika mji wa Pwani hugeuka tanuri mchana, na usiku wa baridi katika nyanda za juu hutoa jasho kwa ndani. Jasho hilo ni unyevu wa pumzi na mapishi unaogandamana kwenye bati baridi, nao huleta kutu na ukungu.

Inafaa hapa kutazama majengo ya wazee wetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa. Upana wa vyumba hivyo haupishani sana na ule wa ndani ya kontena, ambao ni mita 2.35. Kwa hiyo anayesema kwamba Mswahili hawezi kuishi katika chumba chembamba hajaitazama historia. Tofauti iko kwenye ukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huweza kuwa na unene wa nusu mita, na jua huchukua saa nyingi kuupenya. Ukuta wa kontena ni bati tupu.

Tiba yake inajulikana. Ya kwanza na ya bei nafuu ni kivuli: paa la pili la mabati au makuti, lililoinuliwa juu ya kontena na kuachiwa nafasi ya upepo kupita katikati, huku mapaa yakitokeza nje ili kuta zisipigwe na jua. Ya pili ni madirisha yanayotazamana, ili upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Ya tatu ni tabaka la kuzuia joto kwenye kuta na dari. Tabaka hilo hula sentimita kadhaa kila upande, na katika chumba chenye upana wa mita 2.35 kila sentimita ina thamani. Ndiyo maana wajuzi hupendelea kutumia kivuli kwanza, na tabaka baadaye.

Waliofanikiwa kwingineko walifanya hivyo hivyo kwa kuifuata hali ya hewa yao. Huko Taos, jimbo la New Mexico, Marekani, mbunifu Michael Reynolds alianza katika miaka ya 1970 kujenga nyumba kwa makopo, chupa na matairi. Kila tairi hushindiliwa udongo hadi kuwa tofali kubwa lenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Ukuta mnene wa namna hiyo hunywa joto la mchana na kulitoa usiku, jambo linalofaa sana katika jangwa lenye usiku wa baridi. Kuinakili nyumba hiyo kama ilivyo katika mji wa Pwani, ambako usiku nao una joto, ni kulikosa somo lenyewe.

Kilichomo sakafuni

Sakafu ya kontena kwa kawaida ni mbao za tabaka zenye unene wa milimita 28. Kwa kuwa kasha huzunguka dunia, na baadhi ya nchi hazitaki kupokea wadudu waharibifu wa mbao, sakafu hizo zimezoeleka kutiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo haikukusudiwa mtoto anayetambaa.

Kontena halali la meli hubeba kibao cha chuma mlangoni, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972. Kibao hicho hutaja tarehe ya kutengenezwa na uzito wa juu unaoruhusiwa. Mara nyingi pembeni yake huwapo maelezo ya dawa iliyotiwa kwenye mbao. Mnunuzi akikuta kibao kimeng'olewa, ana haki ya kuuliza sababu.

Aidha, shehena iliyobebwa huweza kumwagika na kuzama ndani ya mbao. Mwenye shaka aing'oe sakafu yote na kuweka mpya. Anayekwangua rangi ya zamani naye afunike pua na mdomo kwa kinyago kinachozuia vumbi laini, kwa kuwa baadhi ya rangi za kuzuia kutu zina metali zenye sumu.

Mbao, pipa na sufuria

Kanuni hiyo hiyo inahusu vitu vidogo vya nyumbani.

Chukua mfano wa mbao za kubebea shehena, ambazo mafundi huziita paleti. Zile zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wa kimataifa. Herufi HT humaanisha kwamba mbao ziliua wadudu kwa kupashwa moto. Herufi MB humaanisha kwamba zilifukizwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Anayetaka kitanda cha mtoto achague HT na kuacha MB. Paleti yenye madoa ya mafuta au harufu kali iachwe hata kama ina muhuri mzuri.

Kwa upande wa mapipa, lililobeba kemikali, dawa za mashamba au mafuta ya mashine lisihifadhi maji ya kunywa wala chakula, hata lioshwe mara ngapi. Plastiki hunyonya kilichomo na kukitoa polepole. Anayehitaji pipa la maji anunue lile ambalo muuzaji anaweza kuthibitisha kwamba lilibeba chakula. Na pipa la chuma lililobeba petroli lisikatwe kwa moto. Mvuke uliobaki ndani, ambao jicho haliuoni, hulipuka.

Sufuria nazo zina habari yake. Katika miji mingi ya Afrika, alumini chakavu ya injini, vipuri na makopo huyeyushwa na kusubiwa kuwa sufuria. Ni kazi ya ustadi, na huwapatia wengi riziki. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kameruni ulikuta nyingi zikitoa madini ya risasi kwenye chakula, na vyakula vyenye uchachu huyatoa zaidi. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kosa halianzii kwa fundi. Linaanzia kwenye mchanganyiko wa vyuma ambao hakuna aliyeuchambua kabla ya kuutia tanurini.

Mfano mchungu zaidi uko Mombasa. Katika makazi ya Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya, na baada ya safari ndefu ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Betri ni kitu kimoja ambacho hakipaswi kufunguliwa nyumbani kwa kisingizio chochote cha ubunifu.

Kuwazia kazi ya pili mapema

Je, haiwezekani mtengenezaji mwenyewe akafikiria maisha ya pili ya bidhaa yake? Jaribio mashuhuri lilifanywa Uholanzi. Mwaka 1960 Alfred Heineken, wa kampuni ya bia ya Heineken, alizuru kisiwa cha Curaçao, akaona chupa zimetapakaa ufukweni na watu hawana vifaa vya kujengea kwa bei nafuu. Akishirikiana na msanifu majengo John Habraken, alitoa mwaka 1963 chupa ya pembe nne iliyoweza kulazwa na kujengewa kama tofali. Zilitengenezwa takriban 100,000. Lakini mpango haukuendelea, na majengo yaliyotokana nazo ni machache mno.

Somo lake halijazeeka. Mzigo wa kukisia kazi ya pili ya kitu umeachiwa fundi wa mtaani na mnunuzi wake, ilhali anayejua kilichomo ndani ni kiwanda.

Wapo, hata hivyo, wanaoonyesha njia. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, kisha wakalivika ngozi ya rangi rangi ya kandambili 30,000 zilizookotwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Ukiona vyaelea vimeundwa: jahazi hilo lilielea kwa sababu mafundi walijifunza kwanza tabia ya plastiki, namna inavyopinda na inavyoshika msumari, kabla ya kuipa umbo la ubao.

Usisahau kibali

Wengi huamini kwamba kontena si jengo kwa kuwa linaweza kuhamishwa. Imani hiyo imewaponza baadhi. Nchini Tanzania uendelezaji wa ardhi mijini unaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na Kenya ina Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ni busara kwenda kwanza halmashauri au ofisi ya kaunti na kuuliza, kabla ya kulipia winchi ya kulishusha kontena kiwanjani. Hata Reynolds wa New Mexico alipoteza leseni yake ya usanifu kwa kugongana na kanuni za ujenzi, na hakuirejesha hadi mwaka 2007, baada ya jimbo lake kupitisha sheria ya kuruhusu maeneo ya majaribio.

Kwa ufupi, msomaji anayekusudia kununua kontena, pipa, paleti au kitu kingine kilichotumika anapaswa kuuliza maswali manne. Kiliundwa kubeba nini, na wapi? Kilitiwa dawa au rangi gani? Ndani yake kilihifadhi kitu gani mara ya mwisho? Na nikikikata, nitakuwa nimeondoa nguvu yake ipi? Muuzaji mwaminifu atajibu, au atakiri kwamba hajui. Akikiri hivyo, kitu hicho bado kinaweza kupewa kazi: pipa lisilojulikana asili yake linaweza kuwa la taka, na paleti isiyo na muhuri inaweza kuwa uzio wa bustani ya maua. Kisipewe maji ya kunywa, chakula wala kitanda cha mtoto.